Tahadhari: usaili wa igizo la "wanawake wa makamo", Dar

Jamani, hasa kina mama wenzangu wa miaka arobaini na kuendelea, someni hili kabla hamjatuma hata mia.

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Wanatafutwa wanawake wa miaka 45 hadi 55 wa kuigiza mchezo wa jukwaani kuhusu marafiki wanne, ndoa zao, talaka zao na jinsi wanavyobebana. Uzoefu si lazima. Mimi nina 48, mara ya mwisho kuigiza nilikuwa sekondari. Na mnajua wenyewe rika letu likiitwa kuigiza huwa ni mama mkwe mkorofi au mchawi. Leo naambiwa nitakuwa mtu mwenye mapenzi yake na mashosti zake! Nikanasa.

Fomu 20,000. Wakati wa kutuma, jina lililotokea kwenye simu halikuwa la kikundi wala la "mwongozaji" aliyekuwa akinipigia. Nikabonyeza namba ya siri hivyo hivyo.

Usaili ulifanyika kweli, ukumbi wa kukodi Sinza, Jumamosi, tulikuwa kama thelathini. Hicho ndicho kilichotulainisha. Tumezoea matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mtu humwoni sura. Huyu tulimwona, kapendeza, kila mtu anamwita dada. Ila mswada hakutoa, hata ukurasa mmoja. Alitaka kila mmoja asimame mbele ya simu inayorekodi aeleze maumivu ya ndoa yake, eti igizo litatoka humo. Watu walilia. Mimi nilisema mambo ambayo hata dada yangu wa tumbo moja hayajui.

Sikatai, vipo vikundi halali vinavyotunga mchezo kutokana na visa vya waigizaji wenyewe. Lakini hayo ni ya mazoezini, mkishachaguliwa na kukubaliana nini kitoke na nini kibaki. Kwenye usaili unapewa kipande usome, pengine unasoma na mwenzako waone mnavyojibizana, unaenda nyumbani kusubiri. Na mwigizaji hanunui nafasi. Vikundi vya sanaa husajiliwa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), jina lao unaweza kuliulizia huko kwanza. Mimi sikuuliza.

Jioni ile tukaandikiwa "hongera, umechaguliwa". Niliowauliza wote wamechaguliwa, kwa nafasi nne! Ikafuata 85,000 ya mavazi. Nikauliza mswada uko wapi. Nikajibiwa kwa video ya sekunde kumi na tano, mimi mwenyewe nikilia Sinza, bila neno lolote chini yake.

Mwenzetu mmoja amelipa mara tatu mpaka sasa.

Mimi sikulipa. Usiku ule nilimkalisha mume wangu nikamwambia kila nilichosema pale, wasibaki na cha kuniuzia. (Haukuwa usiku mzuri, tuyaache.) Asubuhi nikaenda polisi na meseji za muamala, nikapewa RB (namba ya taarifa yangu kwenye kitabu cha polisi), na namba yao nikairipoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Sasa haipatikani, lakini juzi nimeliona tangazo lile lile na namba mpya. Safari hii wanataka wanaume wa makamo, na ukumbi uko Morogoro.

Kama ulikuwepo Sinza, njoo inbox. Tuko saba. Meseji za muamala usizifute, na video wakikutumia usiifute pia, hata kama huwezi kuitazama.