Nilifunga king'ora mwenyewe, wezi hawakuja, wakaja majirani

Msinunue. Au nunueni, lakini si kwa yule kaka. Ngoja nieleze, maana hadi leo nikimkumbuka damu inachemka.

Nakaa Nkuhungu, Dodoma. Jirani yangu alivunjiwa, wakabeba hadi mtungi wa gesi, nikasema nisisubiri zamu yangu. Fundi aliyekuja kuangalia nyumba alitaka hela ya ufundi inayokaribia bei ya kifaa chenyewe. Nikaenda mjini mwenyewe, nikachukua ile alamu ya kuweka laini ya simu, ikilia inakupigia. Siku hiyo muuzaji alikuwa asali: "Dada, hii hata mtoto anafunga."

Kufunga kweli si kazi. Laini ilinisumbua nusu saa nzima, hadi nilipoirudisha kwenye simu yangu nikaitoa namba ya siri, ndipo ikakubali. Sensa ya mwendo (si ile ya kuhesabu watu) niliipachika pembeni mwa sebule, isitazame dirisha, kwa sababu inasoma joto linalotembea na pazia lililopigwa jua likipepea linaweza kuifanya iote mwizi. Mlangoni nikabandika vile vipande viwili, sumaku na mwenzake, vikiachana, kelele. Nikajaribu mara tatu, ikalia mara tatu. Nikajiona injinia.

Usiku ukaja upepo. Mliokaa Dodoma miezi ya baridi mnaujua, ule unaotikisa mabati kama unadai deni. Saa nane king'ora kikalia. Nimeshika panga, natetemeka, hakuna mtu. Nikazima kwa rimoti. Baada ya muda kidogo, tena. Nikachomoa umeme, kikaendelea kulia, kumbe kina betri ndani, na ndivyo kinavyotakiwa, ila saa ile nilikitukana. Mara ya nne majirani wako getini na virungu, na mjumbe kajitanda blanketi. Asubuhi babu wa nyumba ya pili alinisalimia "mbukwenyi" huku ameangalia pembeni.

Nikampigia muuzaji.

"Umeisoma karatasi?"

"Kaka, karatasi ni ya Kichina."

"Basi mwambie mumeo akusaidie, hivi vitu vya umeme nyie vinawashinda." Akakata.

Mume wangu yuko Mpanda kikazi, na hata akiwepo, balbu za nyumba hii nabadilisha mimi. Nilipiga tena, hapokei. Nikaandika ujumbe, alama mbili za buluu, kimya. Nilibandua kila kitu nikatupa kwenye boksi, nikaapa nitamrudishia dukani mbele ya wateja wake.

Aliyeniokoa ni kijana wa kuchomelea mageti hapa mtaani, ambaye alamu hajawahi kufunga hata moja. Alitazama mlango wangu akacheka: "Mama, mlango huu chuma. Chuma kinaila nguvu ya sumaku yako, inayobaki haitoshi. Mlango ukicheza kidogo tu, mwenzake anadhani umefunguliwa." Akakata kipande cha mbao unene wa kidole, akavibandika upya vile vipande viwili, mbao ikiwa chini ya sumaku, akavisogeza vikakaribiana. Elfu mbili, na chai. Upepo umevuma wiki kadhaa sasa, kimya. Juzi nimefungua makusudi bila kuzima, simu ikaita kabla sijavuka kizingiti.

Kwa hiyo kifaa ni kizuri, nakubali, nilikionea. Lakini nusu ya milango ya mji huu ni chuma! Muuzaji ashindwe kusema sentensi moja?

Nikataka sensa nyingine ya mlango wa jikoni. Nikanunua duka jingine kwa hasira, haikubali kuungana na mashine yangu. Zinazokubali anazo yule yule muuzaji wa kwanza. Nimemtuma yule kijana wa mageti. Amerudi nayo, kaitwa "bosi", kaelekezwa hatua kwa hatua, na kapunguziwa bei.