Muafaka au Maridhiano: kipi kilitufaa zaidi?

Ukikaa baraza ya kahawa Wete au Chake, huku Pemba, utasikia Muafaka na Maridhiano, makubaliano ya kumaliza uhasama wa kisiasa Zanzibar, vikitajwa kama kitu kimoja. Si kimoja.

Muafaka ulikuwa wa vyama: CCM, chama tawala, na CUF, cha upinzani. Wa kwanza, wa 1999, ulisimamiwa na Jumuiya ya Madola. Wa pili ulisainiwa Oktoba 2001, baada ya mauaji ya kwenye maandamano ya CUF Januari mwaka ule na watu wetu kukimbilia Shimoni, Kenya, kwa mashua. Kwenye karatasi ulipendeza. Huku chini watu waliendelea kususiana: kijiji kimoja maduka mawili, hili la CCM, lile la CUF, na mtu yu radhi akatike miguu juani kwenda kununua kibiriti kwa "mwenziwe". Hata maziko yalisusiwa, na hilo kwa Mpemba si dogo.

Maridhiano yalianza kwengine. Novemba 5, 2009, Rais wa Zanzibar Amani Karume, wa CCM, na Maalim Seif, kiongozi wa CUF, walikaa Ikulu wenyewe, bila msuluhishi wa kutoka nje. Kisha wananchi wakaulizwa: kura ya maoni ya Julai 31, 2010 ikapata "ndiyo" asilimia 66.4, na Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ya vyama kutawala pamoja, ikaingia kwenye katiba. Kwangu mimi, hapo ndipo yalipoushinda Muafaka.

Ila yaliwategemea mno wakubwa wawili. Uchaguzi wa Zanzibar wa 2015 ulipofutwa, CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, na serikali ya pamoja ikalala hadi Desemba 2020, ACT-Wazalendo, chama alichohamia Maalim Seif, ilipokubali kuingia.