Waya laini wa nyuzi nyingi: upi ununue ukiwa Dodoma

Waya wa multimita yangu (kile kifaa cha kupimia umeme) ulikatikia ndani, pale pale unapoingia kwenye kishikio, na mpira wa nje ukiwa mzima kabisa. Tangu siku hiyo nanunua waya kwa kuhesabu nyuzi. Mpira laini unaweza kukudanganya. Kinachofanya waya ukunjike maelfu ya mara bila kukatika ni shaba yenyewe kuwa nyuzi nyembamba na nyingi. Waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5 huwa na nyuzi 7, au mmoja tu mnene. Fleksibo, yaani waya laini wa kukunjika, ya ukubwa huohuo ina kama 50.

Nafasi ya kwanza naipa waya wa silikoni, bila kusita. Namba 12 kwa kipimo cha Marekani huwa na nyuzi 680, kila moja milimita 0.08, karibu na unene wa unywele. Ukiuweka mezani unalala kama kamba ya pamba. Mpira wake unavumilia nyuzijoto 200, kwa hiyo pasi ya risasi, ile ya moto ya kuunganishia waya, ikiugusa kidogo hauyeyuki. Ila ukikwaruzwa na bati unachanika haraka. Ukiupitisha kwenye tundu la bati, kinga kingo zake kwanza. Ukiukosa madukani Majengo, agiza Kariakoo: mita chache zinapakiwa basi la asubuhi, jioni unazo.

Ya pili ni kebo ya kuchomelea, kwa betri na inveta za sola. Ina mamia ya nyuzi na mpira mgumu kuchubuka. Kwa kazi ndogo ni nene mno.

Fleksibo ya PVC, yaani yenye ganda la plastiki, ni ya tatu. Inatosha kwa feni na ekstensheni, lakini PVC hukakamaa miaka ikipita, hasa juani, na jua la hapa tunalijua.

Waya wa spika nauweka mwisho, si kwa ubaya wake bali kwa sababu mwingi ni alumini iliyopakwa shaba. Huo hupitisha umeme kidogo kuliko shaba na hukatika upesi ukikunjwakunjwa. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, usiukatae, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, nzuri sana kwa kuchomea risasi. Ukiwa bado na shaka, shika uzi mmoja juu ya kiberiti cha gesi. Wa alumini hulegea na kukatika, wa shaba huwa mwekundu tu.

Mwombe muuzaji achune sentimita moja kabla hajakata mita zako. Akikataa, nenda duka linalofuata.