Wakala wa mizigo Posta, Dar: nyota 4

Aisee mnaoagiza mzigo China, kuna ofisi moja ya kliaringi hapa Posta imenitolea kontena la futi 20 la vigae vya Foshan, na ninachowasifia sio spidi maana spidi hawana, ni yule kaka wa mapokezi anayekaa na wewe anasoma proforma yako (ile invoisi ya awali ya muuzaji) mstari kwa mstari kabla hujatuma hela.

Yangu ilikuwa imeandikwa CIF Guangzhou, yaani bei ya mzigo pamoja na bima na nauli ya meli, mpaka Guangzhou ya huko huko China. Akapigia duara na kalamu nyekundu, "Bosi, hii CIF ya Guangzhou ndo ipi, mzigo si unakuja Dar?" Kumbe CIF inafuatwa na bandari ya kushushia, FOB (bei ya mzigo ukishapakiwa melini tu, nauli juu yako) ndo inafuatwa na ya kupakilia, so hapo Mchina akiamua kukudai nauli ya meli baadaye huna pa kushika. Tukamwandikia akarekebisha ikawa CIF Dar es Salaam, bei ileile.

Halafu hii wengi hawaijui. Kwenye CIF muuzaji analipa nauli na bima mpaka Dar ila risiki inakuwa yako tangu mzigo unapopakiwa melini huko huko China, vigae vikivunjika baharini unadaiana na bima sio na Mchina. Na hiyo bima anayokukatia ni ile ya chini kabisa, daraja C, inafika asilimia 110 ya bei kwenye invoisi sawa, lakini inalipa mambo kama meli kuzama au kuungua moto, vigae kupasuka kwa kurushwarushwa haimo. Mwenye vigae hiyo inamsaidia nini sasa? Nikaongeza hela tukapanda daraja A, ile pana kuliko zote. Yule kaka akasema next time niombe CIP (nayo muuzaji analipa nauli na bima, ila risiki inahamia kwako akishakabidhi mzigo kwa msafirishaji), kwa masharti ya 2020 ya ICC, ile Chemba ya Biashara ya Kimataifa, hiyo inakuja na A yenyewe, tena ndo inafaa kontena maana kontena linaachwa yadi kwanza, halipandi meli siku hiyohiyo.

Nyota moja nimewanyima kwa invoisi yao wenyewe. Watu wanaokagua proforma za wenzao hivyo wanakuandikia "gharama nyinginezo" na namba nene mbele! Nilipobana wakanichanganulia, kuna hela ya DO (delivery order, karatasi ya kuruhusu mzigo utolewe) ya kampuni ya meli na storeji ya bandarini, ni halali kabisa, ila si mngeandika toka mwanzo jamani. Na WhatsApp wanajibu jioni.