Snowflake: mtambo mzuri, mita haijui usiku

Snowflake, huduma ya wingu ya kuhifadhi na kuchambua data, haiuzi leseni kwa kichwa. Uwe na watumiaji watano au mia tano, kinachohesabiwa ni krediti, yaani kipimo chake cha malipo, na krediti huliwa na muda ambao mtambo wa kuchakata uko macho, uwe na kazi au usiwe nayo. Mtambo mdogo kabisa, XS, hula krediti 1 kwa saa, na kila saizi unayopanda hula maradufu: S 2, M 4, L 8, XL 16. Kwenye AWS (wingu la Amazon) mashariki mwa Marekani, bei ya orodha ni dola 2 kwa krediti kwa toleo la Standard na dola 3 kwa Enterprise.

Kasi yake ni nzuri, na kupandisha saizi ni amri moja tu. Kwiri, yaani ombi la data, ikigawanyika vizuri, saizi kubwa huimaliza kwa nusu ya muda na bili inabaki palepale. Kinachoumiza ni mipangilio inayokuja nayo.

Ukiunda mtambo kwa SQL (lugha ya amri za data) bila kugusa AUTO_SUSPEND, mpangilio wa kuulaza wenyewe, husubiri sekunde 600 za ukimya ndipo ulale. Sasa weka dashibodi inayojisasisha kila dakika 5, kwiri yake sekunde 20. Mtambo haulali kamwe: krediti 24 kwa siku, 720 kwa siku 30, yaani dola 2,160 za Enterprise kwa XS peke yake. Shusha AUTO_SUSPEND hadi 60 na mtambo utakuwa macho kama sekunde 80 kila mzunguko, mara 288 kwa siku: saa 6.4, karibu dola 576 kwa mwezi. Kushuka chini ya 60 ni kujipunja, maana kila mtambo unapoamka hutozwa angalau dakika nzima, hata kwiri ikiisha kwa sekunde 3. Wachambuzi wanaorudia jedwali lilelile kutwa nzima waachie 300, kwa kuwa mtambo ukilala hupoteza kache yake (data iliyowekwa karibu) na kwiri ya kwanza inarudi kusoma kila kitu upya.

Kikomo cha muda wa kwiri nacho ni kichekesho: sekunde 172,800, siku mbili kamili. Mtu akisahau sharti la kuunganisha majedwali kwenye XL jioni ya Ijumaa, krediti 768 zinaweza kuteketea kabla ya mfumo kuikata. Dawa ya yote mawili ni mstari mmoja:

ALTER WAREHOUSE ripoti_wh SET AUTO_SUSPEND = 60 STATEMENT_TIMEOUT_IN_SECONDS = 1800;

Uhifadhi ni rahisi, ila una mtego. Jedwali la kawaida hubeba siku 1 ya Time Travel (kurudisha data ya awali) na 7 za Fail-safe (akiba ya dharura), hivyo jedwali la GB 100 linalofutwa na kujazwa upya kila siku hulipiwa kama GB 900. Majedwali ya muda yaunde kama TRANSIENT: hayana Fail-safe.

Wengi hudhani inafanya kazi kama luku, salio likiisha giza. Haikatiki yenyewe. Unda resource monitor, yaani mlinzi wa matumizi ya krediti, kwa ACCOUNTADMIN (cheo cha msimamizi wa akaunti), weka NOTIFY asilimia 75, SUSPEND 90, SUSPEND_IMMEDIATE 100. SUSPEND huziacha kwiri zinazoendelea zimalize, ndiyo maana isikae kwenye 100. Kisha uiambatishe kwa mtambo au akaunti. Isipoambatishwa ni pambo. Na haigusi Snowpipe, huduma ya kupakia data, wala upangaji wa kiotomatiki wa majedwali, ambavyo huendeshwa na mitambo ya Snowflake yenyewe; hivyo viwekee bajeti yake.

Kuhusu toleo: Standard inatosha ofisi nyingi. Enterprise ilipe kama unahitaji kuficha safu nyeti, Time Travel hadi siku 90, au mtambo unaojizalisha watumiaji wakijaa. Mkataba wa kulipia mapema una punguzo, lakini kwanza endesha miezi mitatu kwa malipo ya matumizi, jumlisha krediti kwenye WAREHOUSE_METERING_HISTORY, rekodi ya matumizi, kwa kila mtambo, kisha ahidi kiasi cha mwezi wenye matumizi madogo, si ule mkubwa ambao muuzaji atakuonyesha.