Outlander PHEV hapa Dodoma: injini inawaka lini hasa?

Nina mwezi wa kumi na moja sasa tangu nianze kuendesha Mitsubishi Outlander PHEV ya 2014, niliichukulia Dar nikapanda nayo mpaka Dodoma, na kila nikipaki mahali lazima mtu aniulize, kaka hii ni ya umeme au ya mafuta? Ni vyote viwili, PHEV maana yake unaichaji kwa waya na petroli pia unaweka. Ila aliyeniuzia aliniambia "hii we chaji tu, mafuta utayasahau", na hilo neno limenigharimu, kwa hiyo naandika nilichokiona mwenyewe ili anayetaka kununua ajue anachukua nini.

Kwanza ujue ilivyo. Chini ya sakafu kuna betri ya kWh 12 (kWh moja ndo yuniti moja ya luku), kuna mota mbele na nyingine nyuma, kila moja kilowati 60, halafu kuna injini ya petroli cc 1998 na jenereta yake. Giaboksi ya kubadili gia haina. Injini ikiwaka ukiwa mjini haisukumi gari, inazungusha jenereta tu, jenereta ndo inatoa umeme wa kwenda kwenye mota, mpaka ukishapita spidi 65 hivi ndo inaweza kushika matairi ya mbele yenyewe. Ndo maana mlio wake haufuatani na mwendo, unaweza ukawa unatambaa huku injini imepanda juu, na ambaye hajazoea anajua gari imeharibika.

Mimi naishi Nkuhungu, ofisi iko Mtumba, kwenda tu ni kama kilomita 22. Japani waliipima kwa kipimo chao cha JC08 wakaandika inaenda km 60.2 kwa chaji moja. Sahau hiyo namba. Ya kwangu imeshatumika miaka mingi huko kwao na betri imechoka kidogo, napata 32 mpaka 34 nikiwa na AC ya kawaida, kwa hiyo asubuhi naenda kimya mpaka getini, jioni narudi kimya mpaka maeneo ya Nanenane, hapo ndo injini inawaka. Karibu kila siku ni palepale, nishazoea. Kwenye dashibodi kilomita za umeme zinakuwa zimebaki vistari tu, unasikia mtetemo mdogo miguuni, mshale wa kwenye skrini uliokuwa unatoka kwenye betri sasa unatoka kwenye injini. Hakuna kushtuka, hakuna gari kuvuta nyuma, na hapo waliotengeneza nawapa heshima yao. Halafu betri inakuwa haijaisha kabisa, gari inabakiza kama theluthi hivi kwa ajili ya kujilinda na kukupa nguvu ukihitaji, kwa hiyo msidanganyane kwamba utatumia hizo kWh 12 zote.

Betri kuisha ni sababu moja tu lakini. Hizi zingine nimezijua moja moja kwa kushtukizwa.

Mwezi wa saba, mnaijua baridi ya Dodoma ya alfajiri na ule upepo wake, nimetoka na chaji imejaa, sijafika hata barabara ya lami injini ikawaka. Nikasimama. Nikazima gari nikawasha tena, ikawaka tena. Nikajua betri imekufa, roho ikaniuma kwelikweli maana hela ya kuinunua nilikusanya miaka. Kumbe ni hita! Gari yangu ni ya zile ambazo hazina hita ya umeme, joto la ndani linatoka kwenye maji ya injini, kwa hiyo ukizungusha kile kitufe upande wa joto unaiambia injini iamke. Nikazima hita, baada ya dakika chache ikanyamaza. Siku hizi nikisikia baridi navaa koti. Kama unanunua, muulize muuzaji hita ni ya aina gani, asipojua zungusha kitufe usikie mwenyewe hapohapo kwenye yadi.

Kukanyaga mafuta kwa nguvu nako ni hivyohivyo. Ukitaka kuovateki lori ukazamisha mguu, injini inakuja hata kama betri imejaa, kwa sababu nguvu unayotaka betri peke yake haiwezi kuitoa. Ukipunguza mguu inazima. Betri ikipata moto sana au baridi sana pia inaweza kuwaka, hiyo mimi haijanitokea. Na kuna kitu nimekipenda, kama una miezi kama mitatu hujaongeza angalau lita 15 za mafuta gari inaweza kuwasha injini yenyewe, ili petroli isilale kwenye mfumo ikaharibika. Tenki ni lita 45. Mtu akijaza akasema ataendesha kwa chaji mwaka mzima ajue gari yenyewe haitakubali.

Safari sasa. Nilimpeleka baba mkwe Manyoni. Kutoka Dodoma mpaka Bahi unashuka, nikaweka B5, ile ngazi ya kujizuia kwa nguvu zaidi, kwa vile viplastiki vya nyuma ya usukani, gari inajizuia yenyewe na kurudisha umeme kwenye betri, breki sikuigusa sana. Raha. Kosa langu nikaendelea na umeme mpaka ukaisha tambarare ya Bahi, ule mlima wa kupanda kwenda Manyoni ukanikuta na betri tupu. Injini ikapanda sauti ikabaki palepale juu, haishuki, mzee akanitazama akasema, "Mwanangu, mbona inalia kama mashine ya kusaga?" Nikamwambia, "Baba, inapanda mlima na inatengeneza umeme kwa wakati mmoja." Akaguna tu. Kurudi nilitumia akili, nikabonyeza kitufe cha SAVE mapema, kinatunza chaji uliyonayo na injini inabeba safari, halafu ukifika kwenye mlima mota zinakuwa na akiba ya kusaidia. Tofauti ya mlio ni kubwa sana. Anayekwenda njia ya Kondoa au anayeshuka Morogoro afanye hivyohivyo, SAVE unapotoka mjini, usisubiri iishe.

Hela sasa. Nikichaji usiku luku inakula kama yuniti 8, na kwa sisi tunaopata yuniti 28 kwa elfu kumi hiyo ni kama shilingi 2,850. Petroli lita moja nilipopiga hesabu hii ilikuwa inacheza kwenye elfu tatu. Gari yangu ya zamani ilikuwa inakunywa karibu laki tatu kwa mwezi kwa njia hiihii ya ofisini, sasa hivi luku kama elfu 63 na mafuta kama elfu 60. Safari za mbali sijaweka humo, huko ukitembea na injini ni kilomita 12 kwa lita, gari ya kawaida tu.

Kuchaji kuweni makini. Waya wa kutoka Japani una plagi yao, fundi wa kwanza akanibadilishia akachomeka kwenye soketi ya ukutani ya siku zote, wiki ya pili nikaigusa ilikuwa ya moto kama pasi na plastiki imeanza kuwa kahawia. Inavuta umeme saa nne mfululizo, si sawa na kuchaji simu. Nikatafuta fundi mwingine akavuta laini yake peke yake kutoka kwenye breka, waya mnene, na ethi ya kweli, ule waya wa kwenda ardhini. Umepanga na luku mnachangia wapangaji wanne? Usinunue hii gari, mtagombana, na bila chaji utakuwa unabeba betri nzito bure.

Nimeshaongea na fundi wa jengo letu pale Mtumba kama naweza kupata soketi yenye mita yangu niilipie, saa mbili tu mchana zinatosha kunifikisha Nkuhungu. Akikubali, ile injini ya Nanenane itabaki ya kumpeleka mzee Manyoni.