Uzoefu wangu na kiigaji cha diski ya SCSI ndani ya SPARCstation 5

SPARCstation 5, kompyuta ya mezani iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1994, ni mashine imara kuliko diski iliyofungwa ndani yake. Diski ya mashine yangu ilikuwa imeanza kupiga mluzi wa beringi zilizochakaa, na kwa kuwa diski za SCSI (mfumo wa zamani wa kuunganisha diski na kompyuta) zinazouzwa leo kama mitumba zina umri uleule, kununua nyingine kungekuwa kuahirisha msiba tu. Nikachagua kiigaji, yaani ubao mdogo unaopokea memori kadi na kujitambulisha kwa kompyuta kama diski halisi.

Ndani ya mashine hii diski huingia katika soketi ya pini 80, lakini kisomea CD hutumia kebo ya kawaida ya pini 50, na hiyo ndiyo niliyoichomeka kwenye kiigaji. Kila diski ni faili moja ndani ya kadi, na namba yake ya SCSI, inayoitofautisha na vifaa vingine kwenye njia ileile, husomwa kutoka kwenye jina la faili. Jambo hilo lilinirahisishia kazi kuliko nilivyotarajia: niliiacha diski ya zamani kwenye namba 3, ambayo Sun huitumia kwa diski ya kuwashia, nikaipa diski ya kuigwa namba 1, kisha baada ya kuiandikia lebo, yaani jedwali la mgawanyo wa diski, kwa amri ya format nikanakili kila kitu kwa dd, amri ya kunakili data ghafi, kutoka c0t3d0s2 kwenda c0t1d0s2 (katika majina hayo t ni namba ya SCSI na s ni kipande cha diski). Kipande namba 2 huwakilisha diski nzima, hivyo hata sehemu ya kuwashia ilihama pamoja na data. Baada ya hapo niliitoa diski ya zamani, nikabadilisha jina la faili ili lisomeke namba 3, na Solaris, mfumo endeshi wa Sun, ikawaka kama kawaida.

Kiigaji hicho hicho hujifanya pia kisomea CD kwenye namba 6. Waliowahi kuhangaika na mashine za Sun wanajua kwamba zinapowashwa kwa CD hutaka data isomwe kwa mafungu ya baiti 512 badala ya 2048, na kwamba visomea vingi vya kompyuta za kawaida havikubali. Hapa ni suala la mpangilio wa kifaa, wala halihitaji kutafuta kisomea adimu.

Kasi haiwezi kuvuka uwezo wa njia ya SCSI yenyewe, ambao ni megabaiti 10 kwa sekunde, ila kwa kuwa hakuna kichwa cha kusogea, mfumo hufungua programu kwa wepesi unaoonekana. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni nakala za akiba. Kabla ya kuweka kiraka chochote cha programu ninanakili faili la diski kwenye kompyuta ya kisasa, na Linux huweza kulifungua kwa kusoma tu likitajwa kuwa UFS (mfumo wa faili wa Solaris) ya aina ya Sun.

Malalamiko yangu yanahusu maelekezo yaliyokuja na ubao: hayasemi lolote la maana kuhusu vizuizi vya kumalizia mwisho wa kebo (terminator), ilhali bila hivyo diski huonekana na kupotea ovyo. Kadi duni nayo husitasita wakati wa kuandika.

Kifaa hiki hakiwezi kutibu chipu ya M48T08, ambayo betri yake imefungiwa ndani na ambayo huhifadhi utambulisho wa mashine. Betri ikifa, anwani ya mtandao inayoanza na 08:00:20 hupotea pamoja na hostid, yaani namba ya utambulisho wa mashine, na programu zilizofungwa kwa leseni ya hostid hukataa kufunguka hata kama diski ni nzima. Kwa hiyo ningemshauri mwenye mashine ambayo bado inawaka aandike namba hizo mbili kwenye karatasi, zinavyoonyeshwa na amri ya banner kabla Solaris haijawaka, kabla hata ya kuagiza kiigaji.